Tumeazimana na Mama Pindo

Stika yenyewe ilikuwa ndogo, haizidi kidole gumba changu. Nyeupe, herufi nyeusi: MALI YA MAKTABA, na chini yake namba. Ilikuwa imebandikwa kwenye shingo ya cherehani, pale pale ambapo Shangazi huweka mkono wake wa kushoto wakati wa kulia unazungusha gurudumu. Shangazi aliisoma, akavua miwani, akaifuta kwa ncha ya mtandio, akaivaa, akaisoma tena.

"Nani kambandika mama yangu namba?" akauliza.

Hakuna aliyeelewa. Ilikuwa Alhamisi, saa nne asubuhi, na meza ya kushona ilishajaa vipande vya nguo, vifungo, zipu za kuokoteza na mikasi miwili ambayo kila mtu hudai ndiyo inayokata. Mimi nilikuwa nimekaa upande wa dirisha, binti yangu miguuni pangu akitafuna ukurasa.

Huyu ninayemwita Shangazi ni shangazi wa mume wangu. Ndiye aliyemlea, na nyumba tunayoishi ni yake. Pale maktaba wanamwita Mama Pindo. Wageni hudhani Pindo ni mwanawe, humwuliza, "Pindo hajambo?" Naye hujibu, "Hajambo, yuko chini ya gauni lako, na kwa kweli kafumuka." Mtoto hakujaaliwa. Jina alilipata hospitalini, chumba cha kufulia, alikokaa miaka ishirini na miwili akipinda na kushona kingo za mashuka. Mtu mpya akija na shuka lililochanika katikati, yeye alisema kwanza pindo, katikati baadaye, kitu kisicho na pindo hakina mwisho. Likaganda. Wakati mwingine jioni husema, "Sijui ni wagonjwa wangapi wamelala juu ya pindo langu, waliopona na wasiopona." Kisha huendelea na alichokuwa anafanya.

Alipostaafu nyumba ilimshinda kwa ukimya. Siku moja aliingia maktaba kukwepa jua, akaona vitabu vya watoto wadogo vimelowa mate na kuchanika, akamwambia mkutubi wa wakati ule, "Baba, hawa hawajafikia karatasi. Wapeni kitambaa." Hivyo ndivyo meza ya Alhamisi ilivyoanza. Tunashona vitabu vya kitambaa: mlango unaofunguka kwa kifungo, mdomo wa mamba ambao ni zipu, mfuko wenye kifaranga ndani. Vinaazimwa, vinatafunwa, vinarudi, vinafuliwa, vinaanikwa kwenye kamba nyuma ya jengo kama nguo za watu wafupi sana.

Mimi nilikuja kwa kumsindikiza tu. Niliishia darasa la saba, na maktaba nilidhani ni ya wale waliosonga mbele. Siku ya kwanza nilivua viatu mlangoni. Shangazi hakunicheka. Alivua vya kwake pia, tukaingia pekupeku wote wawili, na mpaka leo hajanieleza kama alikuwa ananisitiri au alidhani ndiyo sheria mpya. Kazi yangu mezani ni maneno. Mwandiko wangu ni mzuri, basi naandika kwa chaki ya kushonea, wenzangu wanafuata kwa uzi. PAKA. TOKA. INGIA. Neno moja kila ukurasa.

Basi, stika.

Mkutubi alikuja na daftari kifuani. Ni binti mdogo, kalamu hukaa nyweleni mwake hadi anaisahau na kuazima nyingine, hana hata mwaka pale. Nilimwona alivyokuwa amejipanga maneno njiani.

"Mama Pindo, shikamoo. Samahani sana. Ni zoezi la vifaa. Makao makuu wanafungua chumba kipya cha kazi za mikono, wametuandikia kila tawi: kifaa chochote cha maktaba kisichokuwa kitabu, kipelekwe. Gari linakuja Jumatatu."

"Marahaba. Lije. Cherehani hii ni yangu."

"Ndiyo, lakini kwenye daftari imo." Akalifungua, akalilaza juu ya vitambaa. Ulikuwa mwandiko wa mkutubi wa zamani, yule mzee mpole aliyefariki mwaka juzi, umelalia upande mmoja kama nyasi. *Cherehani 1. Tumeazimana na Mama Pindo.*

"Si unaona?" akasema Shangazi, kidole juu ya neno. "Nimewaazima."

"Si unaona?" akasema mkutubi, kidole chake juu ya neno hilo hilo. "Tumekuazima."

Wote wawili walikuwa wanaonyesha sehemu moja. Nililisoma tena lile neno toka mwanzo hadi mwisho, herufi kwa herufi, kama ninavyoyaandika ya watoto. Halikusaidia.

"Kwani tumeazimana ni nani kampa nani?" akauliza Mama Pacha, ambaye hukaa kona ya meza ili aweze kuwaona wanawe wote wawili.

"Wote wamepeana," nikasema.

"Cherehani moja? Wamepeana wote?" Akacheka. "Hiyo ni ndoa."

Mzee wa Magazeti, anayekaa chini ya bango la KIMYA TAFADHALI na kutulalamikia kila Alhamisi, akashusha gazeti lake. "Kiswahili kiko wazi. Mtu akiniambia niazime, nampa. Akisema nimeazima, kapewa."

"Na akisema tumeazimana?"

Akafikiri. "Huyo hataki kusema," akasema, akapandisha gazeti.

Ningenyamaza. Mimi ni mtu wa kunyamaza, kila mtu atakuambia. Lakini nilikuwa nimekaa pale nikiiona ile shingo nyeusi na maua yake ya dhahabu yaliyofutika, na kichwani naiona shingo nyingine, nyeusi vile vile, maua yamefutika pale pale, iko chumbani kwetu chini ya dirisha.

"Shangazi," nikasema, "na ile ya nyumbani?"

"Ya nyumbani imefanyaje?"

"Ni ya nani?"

"Ya mama. Si unajua?"

"Na hii?"

"Hii ya..." Akasimama hapo. Alijisikia mwenyewe. Mkono wake uliteleza kutoka kwenye gurudumu ukaanguka mapajani, na gurudumu likazunguka nusu peke yake, halafu likatulia.

Nimeishi naye miaka minne. Akiwa nyumbani husema naenda kukaa na cherehani ya mama. Akiwa maktaba husema nisogezeeni cherehani ya mama. Nilikuwa nasikia siku zote na sikuwahi kuzihesabu.

Mkutubi aliisoma orodha yote juu hadi chini. "Hapa imeandikwa moja," akasema polepole, naye sasa sura imemchanganyika. "Sasa moja ipi?"

*

Tulirudi. Nyumbani aliivua ile ya dirishani shuka lake, akaketi mbele yake kama mtu aliyeletewa mgeni akaambiwa ni ndugu yako, mtambue.

Mama yake alikuwa akishona sare za shule. Shangazi alikuwa na miaka minane alipoanza kuzungusha gurudumu, amesimama juu ya kopo, ili mikono yote miwili ya mama iwe huru kwenye kitambaa. "Mota ya cherehani ile ilikuwa mimi," husema. "Mama akisema simama, nasimama. Akisema taratibu, kola hiyo, naenda taratibu." Waliongea hivyo kuliko walivyoongea kwa njia nyingine yoyote. Na mama alipokuwa anaondoka duniani hakusema mengi. Alisema, "Ile usimpe mtu."

"Nakumbuka maktaba walikuwa na yao," akaniambia, bado anaitazama. "Walipewa, sijui na nani, ilikaa stoo. Na yangu niliipeleka mara ya kwanza kwa toroli, ya kwao ilikuwa haijasafishwa. Halafu zikaharibika zote. Halafu nikapata msiba wa kaka, baba yake mumeo, nikasafiri. Niliporudi..." Akafumba macho. "Nakumbuka toroli, mwanangu. Nakumbuka kagurudumu kake kanalia. Sikumbuki lilikuwa linakwenda au linarudi."

Mume wangu aliporudi kazini tukamweleza. Akanawa, akakaa, akasema kile ambacho wanaume husema. "Shangazi, cherehani ni cherehani."

"Na mtoto ni mtoto? Nikubadilishe na wa jirani? Yule akiambiwa funga mlango anafunga."

Akacheka, na Shangazi akacheka, lakini mkono wake ulikuwa unaupapasa ubao wa cherehani upande wa chini, anatafuta kitu asichokijua. Baadaye, nilipokuwa namfunga mtoto nepi, alikuja akasimama nyuma yangu.

"Kama ya mama ndiyo iliyo kule," akasema, "basi niligawa kwa mkono wangu, na Jumatatu inapanda gari. Nami nitabaki na cherehani ya watu, naiita mama."

Nilimpa mtoto amshike. Yeye humwita mke mwenzangu. "Mke mwenzangu," akamwambia, "wewe unaonaje?" Binti yangu wakati ule alikuwa na neno moja tu, analitumia kwa kila kitu, uji, paka, mlango. "Mama," akasema.

"Haya," akasema Shangazi. "Na wewe huna jipya."

*

Ijumaa usingizini alikumbuka mistari. Asubuhi ya Jumamosi alikuwa amevaa tayari kabla sijawasha jiko. Mama yake alichora mistari mitatu kwa msumari chini ya kitako cha mbao, mmoja kwa kila mtoto aliyemzaa. Shangazi alikuwa wa kati. Tuligeuza ya nyumbani: safi, hakuna hata mkwaruzo.

Uso ulimbadilika kama mtu anayepanda na kushuka ngazi kwa wakati mmoja. Kama mistari haiko hapa, iko kule. Kama iko kule, ipo. Lakini kama iko kule, ndiyo yenye stika.

Mume wangu akaazima toroli kwa jirani. (Nililisikia hilo neno lilivyomtoka mdomoni, *nimeliazima*, na kwa mara ya kwanza maishani nikashangaa kwamba tunaelewana.) Nikamfunga mtoto mgongoni, na begani nikabeba kikapu chake: nepi, kopo la uji, na ile foronya ya zamani ninayomlazia anaposinzia mezani.

Mkutubi alikuwa ametusubiri, amefungua ingawa Jumamosi hufunguliwa mchana. Mama Pacha alikuwepo, na Mzee wa Magazeti, ambaye alidai kaja kwa ajili ya gazeti la jana. Tukaziweka mbili ubavu kwa ubavu. Ukiondoa ile stika, ungesema kuna kioo katikati.

Tukaigeuza ya maktaba. Mistari mitatu. Mmoja mrefu, wa kati umepinda, wa tatu mfupi.

"Huyu wa kupinda ndiye mimi," akasema Shangazi. Aliweka kiganja chake chote juu yake. Mama Pacha akapiga vigelegele, na Mzee wa Magazeti, nakuapia, hakusema kimya.

Mkutubi akachomoa kalamu nyweleni. Alikuwa na furaha kuliko sote. "Basi imekwisha! Hii ni ya kwako, Mama Pindo, nabandua stika. Hiyo ya nyumbani ndiyo ya maktaba. Jumatatu wachukue hiyo."

Mimi nilikuwa nimeshika foronya.

Hiyo foronya ilishonwa na mama yake Shangazi. Yeye mwenyewe aliniambia siku mtoto alipozaliwa. Nimelala na kuamka nayo, nimeikunja na kuikunjua, na macho yangu yanapokosa kazi huhesabu. Mshono wake una kilema. Kila baada ya hatua kumi na mbili kuna moja fupi, kama mtu anayechechemea kidogo halafu anajisahau. Na nguo za binti yangu, zote zilizoshonwa nyumbani chini ya dirisha, zinachechemea vile vile. Vitabu vya maktaba haviko hivyo. Vya maktaba vinakwenda moja kwa moja.

Nilitamani nisingekuwa nimeona. Shangazi alikuwa anacheka, amekumbatia kitako cha mbao. Lakini nikinyamaza, Jumatatu wangeichukua ile inayochechemea, na mimi peke yangu ningejua.

"Shangazi," nikasema. "Tuzishonee zote kidogo."

Nikamwonyesha foronya. Aliisogeza karibu na macho, akahesabu kwa ukucha. Kisha akakata vipande viwili vya kitambaa cheupe. Nilizungusha mimi. Ya maktaba, yenye mistari: safi, hatua zote sawa. Ya nyumbani, isiyo na mistari: kumi na mbili, fupi. Kumi na mbili, fupi.

"Huo ni mshono wa mama," akasema Shangazi, kwa sauti ndogo. Akaangalia mistari. Akaangalia mshono. "Sasa mama yuko wapi?"

Mkutubi aliirudisha kalamu nyweleni. Kulikuwa na ya pili tayari humo, zikagongana.

"Bisibisi aitwe," akasema Mzee wa Magazeti.

Bisibisi ndiye fundi wa cherehani, ana kibanda mkabala na lango. Alikuja anatafuna, akazitazama mbili zimekaa pamoja, na akaanza kucheka kabla hajafika mezani.

"Hawa! Hawa mbona nawajua? Hawa niliwachanganya mimi."

"Umewafanyaje?"

"Mama Pindo, si zilikuja kwangu zote mwezi mmoja? Ulikuwa umesafiri msibani. Moja mkono umevunjika, nyingine tumbo limekufa. Spea hakuna. Nikafanya kichwa cha hii nikakalisha kwenye kitako cha ile, kitako cha hii kikaenda kule, mkono nikachukua..." Akainama, akachungulia. "Mkono sikumbuki."

"Na meno haya ya chini, yanayosukuma kitambaa?" nikauliza.

"Meno yamebaki na kichwa chake. Nadhani. Gurudumu hapana. Gurudumu huenda ni la hii, au ni la ile."

Shangazi alikaa. "Bisibisi. Umemkata mama yangu vipande?"

"Mama Pindo, niliambiwa zote zishone. Sikuambiwa kila moja ishone kivyake!" Kisha akaona sura yake, akaacha kucheka, akajifuta mikono kwenye suruali ambayo isingeweza kumsafisha. "Nilimwambia marehemu, yule mkutubi. Nikamwambia mzee, zimekuwa ndugu hizi, hata mimi siwezi kuzitenganisha, na Mama Pindo ataniua. Akasema usimwambie, katoka kuzika. Akakaa pale kwenye kiti chake muda mrefu, kalamu mkononi. Akasema, nitaandika neno litakalotutosha wote."

Tukaligeukia daftari, sote, kama lilikuwa limesema.

Sijui niseme tulielewa au tulizidi kuchanganyikiwa. Kwangu mimi yalikuja yote mara moja, na sikuweza kuyatenganisha.

"Lakini aliandika moja," akasema mkutubi, karibu kulia. "Zilikuwa mbili. Mbona aliandika moja?"

"Labda aliziona moja," akasema Mama Pacha.

*

Mkutubi alifanya alichoweza. Alimshika Shangazi mkono akamwambia, "Mama, chagua wewe. Yoyote utakayosema ni yako, nitaandika hivyo. Inayobaki ndiyo itakwenda." Nilijua amejiweka pabaya kusema vile, binti wa watu na kazi yake ngeni.

Jumapili nzima Shangazi hakushona. Zote mbili zilikuwa zimebaki maktaba, na chini ya dirisha palikuwa na miguu minne ya vumbi sakafuni pale meza ilipokuwa imesogezwa. Alifagia pale mara tatu. Alipika, akasahau chumvi, akaweka, akasahau ameweka. Mume wangu alikula yote na kusema tamu.

"Mistari aliichora yeye," Shangazi aliniambia tukiosha vyombo. "Ni mkono wake. Mimi nimo mle." Akasuuza sahani. "Lakini mshono ndio nilikuwa nauzungusha. Mimi nimo mle pia." Akaisuuza tena sahani ile ile. Nikaipokea, nikaikausha, nikamrudishia bila kufikiri, naye akaisuuza mara ya tatu. Tulipogundua hatukucheka sana.

Jumatatu gari lilikuja mapema. Dereva alikuwa mtu mnene mpole mwenye karatasi ndefu. Alipakia ubao wa kuchorea, viti sita vidogo, mashine ya picha isiyofanya kazi. Kisha akasoma, "Cherehani moja," akainua macho, akaona mbili, na wanawake watatu wamezizunguka.

"Ipi?"

Mkutubi akamtazama Shangazi. Shangazi aliweka mkono mmoja juu ya shingo ya hii, mwingine juu ya shingo ya ile. Nilimwona anavyovuta pumzi. Alifungua mdomo.

"Siwezi," akasema. "Nikichagua moja, nampakia mama nusu. Mwanangu, sina jibu. Kama kuna mwenye jibu na aseme yeye."

Dereva aliangalia saa. Nje mtu alipiga honi.

Na mkutubi, yule binti, alifanya kitu ambacho nilikiona kidogo kidogo: kwanza mkono ulikwenda nyweleni, ukakosa kalamu maana zote mbili zilikuwa mezani, ukarudi, ukaokota moja. Akavuta daftari. Akakata ile 1 kwa mstari mmoja, juu yake akaandika 2. Hakugusa neno. Akatia sahihi na tarehe.

"Karatasi yako inasema mali kamili ya maktaba," akamwambia dereva. "Soma. Kamili. Hizi hazijakamilika."

Dereva akasoma karatasi yake. Akasoma daftari. "Tumeazimana," akasema. "Ni nani kamwazima nani?"

"Ndiyo."

"Ndiyo nini? Ni yenu au si yenu?"

"Ndiyo," akasema tena mkutubi. Hakushusha kidevu.

"Hata sisi hatujui, baba," akasema Mama Pacha. "Kaa tukueleze. Kulikuwa na fundi..."

"Hapana, hapana." Dereva alikuwa ameshaikunja karatasi. "Mimi nabeba vitu. Maelezo sibebi." Akapiga mstari juu ya neno cherehani, akatuaga kwa heshima, akaondoka na viti vyake.

Hakuna aliyepiga vigelegele safari hii. Tulibaki tumesimama, kama watu walioshuka kituo ambacho hawana hakika nacho. Mkutubi akaketi ghafla. "Wakiniuliza?" akasema.

"Waambie waje waniulize mimi," akasema Shangazi. "Tutachanganyikiwa pamoja."

Akaanza kuikwangua ile stika kwa kucha. Ilikuwa na gundi nzuri. Ilitoka nusu, ikachanika. Neno la mwisho likaondoka na namba, na kwenye shingo pakabaki MALI YA, basi.

Ikawa sasa moja irudi nyumbani, moja ibaki mezani. Mume wangu akaleta toroli mlangoni. "Nipakie ipi?"

Shangazi akatazama hii, akatazama ile. Nikaona inakuja tena, ile sura ya ngazi. Kisha akaondoa mkono.

"Iliyo karibu na mlango," akasema.

*

Ni miezi mingi sasa. Tawi la kwetu halijaandikiwa tena, au limeandikiwa na mkutubi kaiweka barua ndani ya kitabu fulani. Alhamisi meza inajaa. Vitabu vya kitambaa tunavyoshona sasa vinachechemea, kumi na mbili, fupi, na watoto wanavitafuna bila kujali.

Iliyokuja nyumbani ni ile ya nusu stika. Iko chini ya dirisha. Shangazi angeweza kuimaliza kwa maji ya moto na sabuni, lakini hakuimaliza. Anapokuwa anashona na binti yangu amesimama ubavuni, juu ya kopo, mikono yote miwili kwenye gurudumu, yeye humwonyesha herufi kwa ncha ya mkasi uliofungwa.

"Soma, mke mwenzangu. Mali ya..."

"Mama!" anajibu binti yangu, kwa nguvu zote, na gurudumu linakwenda.

Mimi huinua macho kila mara, nadhani naitwa. Shangazi naye huinua. Kisha tunarudi kazini, na bado sijajua alikuwa anamsema mama yupi.